Upepo Una Kilo Zake

Fundi Lugembe wa Igogo amelipima paa la gari kwa uzi wa kushonea,
akapiga fundo mwanzo, fundo mwisho,
akautia uzi mfukoni.
"Nondo ninazo, Mwalimu. Nangoja neno lako."

Siku ya kumi na moja leo, neno halijatoka.

Gari langu halinywi mafuta, linakula hesabu.
Nyakato mpaka Kisesa na kurudi, asilimia kumi na nne.
Kilima cha Bugando, tatu kupanda;
ukishuka polepole hurudishiwa moja, kama chenji.
Usiku nalichomeka kupitia dirishani,
uniti za LUKU zinashuka gizani
nami nimelala macho, nikizisikiliza.

Na keria, wanasema waliojaribu, hula hata ikiwa tupu.
Haibebi kitu, basi inabeba upepo,
na upepo wa ziwa hili una kilo zake.

Shemeji yangu Budodi ananicheka:
"Gari lisilo na keria ni kofia tu."
Lakini namjua Budodi. Ana magodoro matatu Buzuruga
yanamsubiri ndugu mwenye gari.
Mwenye keria hana Jumapili.
Leo viti vya kipaimara, kesho mabati ya Mama Nkwimba,
keshokutwa tenga la sato linachuruza maji kiooni,
na hakuna atakayeuliza: umebakiwa na ngapi?

Nimeamua. Hapana.
Naandika ujumbe kwa fundi.
Naufuta.

Ni kwa sababu ya mlango.

Mama yuko Sengerema, ng'ambo ya daraja.
Magoti yameukataa mteremko wa kisima,
amekubali kuja kukaa kwangu.
Kitanda hataki. Kabati hataki. Mbuzi kampa jirani.
Anataka mlango.
Wa mninga. Baba aliuranda mwenyewe mwaka ule pamba ilipolipa,
na kwa ndani una mikato ya kisu, vimo vyetu:
mimi miaka mitano;
mimi saba, Shija minne;
mimi tisa;
mimi kumi na moja.

"Kodi kirikuu," mume wangu anasema, "mbona rahisi."
Nikampigia Mama. Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
"Mlango wa baba yenu hauendi na mtu baki."

Nikaupima. Nikalipima gari.
Ukiingilia nyuma, dereva hana pa kukaa.
Nikapiga hesabu mgongoni mwa mtihani wa Kidato cha Pili:
kwenda, kurudi, mlango umelala chali, mwendo hamsini,
darajani pasiwe na upepo,
Mama asiseme anasikia joto.
Jibu: tutafika na asilimia tisa.
Nikarudia. Saba.
Nikaacha kurudia.

Jumamosi nikalipeleka gari pwani, pale Jiwe la Bismarck.
Kijana wa karanga akaja, akainamisha sikio kwenye boneti.
"Limezima?"
"Linawaka."
Hakuniamini, na sikumlaumu.

Nikayatazama mawe.
Mji mzima huu ni jiwe limebebeshwa jiwe,
bila boliti, bila fundi,
na nyumba za watu zimekaa juu yake, zimeanika nguo.
Sijui la chini liliulizwa lini.
Sijui kama huwa linahesabu.

Nikapiga simu Igogo.
"Weka. Boliti nne. Ila ziwe za kufunguka."
"Za kufunguka?"
"Nashusha mlango, naivua, naihifadhi stoo."
Lugembe akacheka, cheko la mtu aliyezoea kuona.
"Mwalimu, miaka ishirini nafunga keria mji huu.
Hajarudi hata mmoja kuivua."

Nyuma yake gesi ya kuchomelea ilikuwa ikifoka.
Nikamwambia alete spana mbili,
moja itabaki kwangu.